Aje na Merikani Yake

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza safari ilikuwaje hadi nikiwaona mnakuja najifanya nafunga viatu. Mmoja kaniuliza mlangoni mwa kanisa, mwingine sokoni, mwingine kaniletea mchicha nyumbani ili aulize akiwa amekaa. Nimeona niandike mara moja msome wote, halafu turudi kwenye nyimbo zetu. Habari za tiketi na ruhusa ya kazini naziruka, maana hazina utamu wala uchungu.

Mdogo wangu Ambokile mnamfahamu, yule wa shati jeupe na tai aliyekaa benchi la nyuma siku mwanangu alipobatizwa. Yeye ni Mmormoni. Alijiunga nao Dar es Salaam alikokuwa akifanya kazi ya kufunga umeme majumbani, na alipokwenda kwetu Ngonga, Kyela, kutoa taarifa, alimwambia baba wakiwa mezani kwamba Yesu alipofufuka alifika mpaka Marekani, akawaonyesha watu wa kule makovu ya misumari.

Baba ni mzee wa kanisa, na safari za Yesu anazijua kama njia ya kwenda shambani kwake. "Misri alikwenda akiwa mtoto, akabebwa," alimwambia. "Akatembea Galilaya, Samaria, akafika pwani ya Tiro. Akafa, akashuka kuzimu, akafufuka, akapaa, akaketi. Mtu aliyeketi hatembei."

Ambokile akamkumbusha yale maneno ya Yesu kuhusu kondoo wengine wasio wa zizi lile. Wamormoni wanafundisha kwamba kondoo hao walikuwa watu wa Marekani ya kale. Baba akaweka kijiko chini. Kwake yeye, na kwetu tuliokuzwa na mahubiri yake, kondoo wengine ni sisi, watu wa mataifa ambao hatukuzaliwa Wayahudi. "Umetutoa zizini," akasema, "ukawaingiza Wamerikani." Wazee wa kwetu hawasemi Marekani, husema Merikani. Tangu siku hiyo hakumwita Ambokile mwanangu. Alimwita "yule wa Merikani", na kila Ambokile alipopiga simu, baba alikuwa shambani, hata kama ni wakati wa chakula na mvua inanyesha.

Mwaka huu baba aliugua hadi akawa hainuki kitandani. Mama mdogo Atupele, aliyeolewa na baba baada ya mama yetu kufariki, alinitumia ujumbe wa sauti, na ndani yake alikuwa baba mwenyewe. Baba akizungumza na simu hutumia Kiswahili, kana kwamba simu haijui Kinyakyusa. Tuliusikiliza jikoni kwangu, mimi na Ambokile, mvua ya kule ikipiga bati kama mtu anamwaga mahindi: "Ambokile aje. Aje na Merikani yake, anifun..." Hapo mvua ikalimeza neno. 

"Anifunulie," Ambokile akasema. "Dada Sekela, umesikia? Baba anataka nimfunulie." Akakaa kwenye kigoda akalia. Nami nililia, ingawa mnajua sikubaliani naye kuhusu hiyo Marekani. Nilitaka kitu kimoja tu, baba amwite mwanangu kabla hajafa. Sijui kama niliwahi kuomba kingine kwa nguvu namna ile.

Morogoro hadi Kitonga

Ambokile alisafiri na picha kubwa ya fremu mapajani, ameifunga kwa kanga yangu. Inamwonyesha Yesu amevaa nguo nyeupe, amesimama kwenye ngazi za mawe katikati ya watu wa Marekani ya kale, wengine wamepiga magoti wanagusa viganja vyake. Nilimwambia aiweke juu kwenye mizigo, akakataa. Pembeni yetu alikaa mwalimu mmoja Mwislamu, mtu wa Tanga aliyepangiwa kazi Kyela, mpole na mwenye mdomo.

Kitonga tulikuta lori limelala katikati ya barabara. Magari yakapanga mstari mlima mzima, dereva wetu akazima injini akavua viatu, nikajua basi, tumefika. Wauza mayai na mahindi ya kuchoma wakatuzunguka. Kwa uvivu wa kusubiri, watu wakamtaka Ambokile afungue picha yake, naye hahitaji kuombwa mara mbili. Akaeleza vizuri, bila kelele, nami nikampinga pale pa kondoo.

Mama mmoja wa siti ya nyuma alisikiliza hadi mwisho, kisha akainama. "Kaka, samahani. Hiyo Marekani mnapeleka watu kwa utaratibu gani? Mwanangu ana diploma."

Basi zima likacheka. Ambokile akamweleza kwamba hapeleki mtu, anaeleza tu aliyekwenda. Mama akasema sawa, lakini akamwomba namba ya simu, huwezi jua.

Mwalimu yeye akamenya yai taratibu. "Kwetu sisi Nabii Isa msalabani hakufika, alinyanyuliwa," alisema. "Sasa ninyi ndugu wawili mnagombania safari ya mtu ambaye kwa hesabu yangu alikuwa ameshaondoka." Akanipa nusu ya yai. Nilicheka, na ninavyoandika hapa naona kicheko kile kilikuwa cha mwisho kwa safari nzima. Lori liliondolewa jua limeshaanza kushuka, na saa zile zilizopotea mlimani nazilaumu hadi leo.

Kuteremka Tukuyu

Uyole hadi Tukuyu ni ukungu na baridi ya kuuma masikio. Tulikunywa chai na ndizi za kuchemsha kwenye kibanda, mwenye kibanda akitusalimia kwa Kinyakyusa na Ambokile akijibu kwa furaha kama mtoto aliyerudi kutoka bweni. Njia nzima alikuwa akijaribu maneno yake. "Nianze na kondoo, au nianze na makovu?"

"Anza na pole ya ugonjwa," nilimwambia.

Akafungua kanga. "Dada, mimi sitaki ahame kanisa. Nataka tu ajue sikusema vile ili kumdharau." Aliyasema hayo huku akifuta kioo cha picha kwa mkono wa shati. Nilimwonea huruma, na nilimwonea wivu pia, maana alikuwa na hakika.

Ngonga

Kyela ilitupokea kwa joto na tope. Bajaji ilitufikisha hadi pale barabara ilipogeuka kuwa jaruba la mpunga, tukavua viatu tukatembea. Kakao ya mama mdogo ilikuwa imeanikwa chini ya baraza kwa kukosa jua, inanuka chachu. Alitukumbatia, akatushukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, wanangu, ndaga. Amekuwa akiuliza tangu asubuhi."

Baba alikuwa amebaki mifupa na macho. Tulipiga magoti wote wawili. "Mugonile, tata," Ambokile akamwamkia, na baba akaitikia. Akaitikia, wenzangu. Kisha akanyoosha mkono juu ya blanketi, kiganja wazi.

"Umeileta?"

"Nimeileta, baba."

Ambokile akafungua kanga, akamwekea picha mbele ya macho. Baba aliitazama muda mrefu. Vidole vyake vikapapasa kioo, vikateremka hadi kwenye fremu, vikarudi, kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia kwenye majani.

"Hii ni nini?"

"Ni Yesu, baba. Alipofika Marekani."

"Merikani iko wapi?"

Ambokile alifikiri ameulizwa swali la ramani. Akaanza kueleza bahari na meli na watu wa kale. Baba akafumba macho. Mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, akashika mdomo.

"Nimekuomba nguo," baba akasema, kwa shida, neno moja moja. "Umeniletea picha ya watu ambao yeye aliwatembelea. Sisi aliotupita, tufunikwe na nini?"

"Baba, hakutupita. Kitabu chetu kinasema alikwenda na kwa kondoo wengine tena."

"Kinatutaja sisi?"

Ambokile si mwongo. Alisema, "Hakitutaji, baba."

"Haya," baba akasema, akageukia ukutani.

Mama mdogo alitutoa nje ndipo akatueleza, analia na kutugombeza kwa pamoja. Merikani ni kitambaa. Ni ile pamba nyeupe nzito ambayo zamani iliuzwa kila duka, na ndiyo iliyokuwa sanda ya wazee. Katika ukoo wetu, mzee akiona siku zake zimekaribia, humtaja mtoto mmoja amletee merikani ya kumfunika. Hamtaji wa kwanza wala mwenye uwezo. Humtaja yule anayetaka amalize naye vizuri. "Watoto wote mpo, kamtaja Ambokile," alisema. "Mimi nikafurahi. Nikajua yameisha. Nanyi mkaja na kioo?"

Mimi niliondoka nyumbani nikiwa darasa la tano, nikasomea bweni. Ambokile alikulia zama za majeneza na suti. Neno lile tuliwahi kulisikia kwenye maziko ya bibi, tukalisahau. Baba alikuwa amemsamehe mwanawe kwa lugha ya wazee, na sisi tulimsikia kwa masikio ya mjini.

Kyela, Ipinda, Matema

Tuliingia mjini Kyela siku hiyohiyo, matope hadi magotini. Duka la kwanza la vitambaa, kijana hakuwahi kulisikia neno hilo. La pili walituonyesha shuka za hoteli. La tatu muuzaji alichangamka sana. "Ya Merikani? Ipo, grade one, belo limefunguliwa jana." Akatupeleka uani, akatuonyesha rundo la suruali za jinzi za mitumba.

Ambokile alianza kucheka, halafu sauti ikageuka. Akakaa juu ya lile belo, akainamisha kichwa, mabega yanatikisika, na yule muuzaji akaniuliza kwa upole kama kaka ana malaria.

Muuza kanga mmoja mtu mzima ndiye aliyetuambia kwamba Matema, ziwani, kuna fundi cherehani mstaafu ambaye hatupi kitu. Tukachukua bodaboda mbili. Tulipita Ipinda salama, lakini mto Lufilyo ulikuwa umepanda barabarani, maji ya kahawia yanapita na migomba mizima. Madereva walikataa kuvuka hadi yapungue, nao walikuwa na haki. Mama mmoja mpishi kando ya njia alitupa wali na usipa, dagaa wa ziwani. Wali wa Kyela ule mnaoupigania hapa Morogoro, nimekula nikiutazama tu. Ambokile hakugusa. Alisimama kando ya maji akiyatazama kama mtu anayeyadai kitu.

"Kama alitembea juu ya ziwa," akasema, na mimi nikamwambia nyamaza. Sikuwa na hasira naye. Niliogopa tu kusikia mwisho wa sentensi hiyo.

Tulilala kwa yule mama mpishi, asubuhi maji yakapungua tukavuka. Matema ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Ukinga imesimama pembeni, wanawake wanapakua vyungu vya Wakisi kutoka kwenye mtumbwi. Mahali pazuri vile, na mimi nilipachukia kwa uzuri wake siku ile.

Fundi tulimkuta akitengeneza nyavu. Tulipomweleza hakuuliza maswali mengi. Aliingia ndani, akatoka na sanduku la bati, akafungua. Ilikuwamo, imekunjwa vizuri, nyeupe iliyoelekea rangi ya maziwa, inanuka dawa ya nondo na sabuni. Akamruhusu Ambokile aishike. Mimi pia nilishika, na vidole vyangu vikakumbuka maziko ya bibi.

Kisha akaichukua taratibu, akairudisha, akafunga sanduku.

"Ndaga, wanangu. Poleni sana. Lakini hii ni yangu."

Ambokile hakubembeleza. Alipiga magoti akashukuru kwa kuonyeshwa. Fundi alitusindikiza hadi njiani, naye alionekana kuumia kuliko sisi. "Baba yenu namfahamu kwa jina," alisema. "Mwambieni nimemnyima kwa sababu na mimi ninakufa." Akatuelekeza tutafute marduf, ni nzito na ni pamba, mtu asiye na macho mazuri anaweza kuikubali. Tuliipata Ipinda, nyeupe, ngumu kidogo. Ambokile aliivua tai yake akakifunga nayo kile kitambaa shingoni, juu, kisilowe.

Ngonga tena

Baba alikuwa bado anapumua, lakini alikuwa ameacha kusema. Mama mdogo alituambia neno lake la mwisho lilikuwa la kuomba maji.

Ambokile akamwekea kitambaa chini ya kiganja. "Baba, nimeileta. Nilikosea, lakini nimeileta." Vidole vikasogea juu ya nyuzi, vikasimama. Vikasogea tena. Nimewaza sana juu ya vidole vile. Huenda alikuwa anaikubali, na huenda alikuwa anatambua kwamba siyo yenyewe. Huenda ni mwili tu, kama mguu wa mtu aliyelala. Tulikaa tunavitazama hadi vilipotulia kabisa, na mama mdogo akaweka bakuli la uji chini.

Baba mdogo, ndugu wa baba aliyekuja kutoka Ipyana, ndiye aliyesimamia maziko. Ni mtu mwema, na sitaki mmchukie. Aliwakusanya wazee wa ukoo, wakakiweka kile kitambaa mbele yao. Akamuuliza Ambokile, "Alikipokea kwa mdomo wake?"

"Alikigusa, baba mdogo."

"Nakuuliza, alisema?"

"Hakusema."

Baba mdogo akakikunja mwenyewe kwa heshima, akamrudishia kwa mikono miwili. "Mwanangu, merikani hupokelewa na mwenye kuitaka. Tukimvisha asichokipokea, tutakuwa tumemsemea. Na wewe ulishaongea naye mambo yasiyokwisha." Walimzika kwa suti yake ya uzee wa kanisa, na shuka aliyonunua binamu. Kwaya ikaimba. Mchungaji alihubiri juu ya mchungaji mwema na zizi lake, bila kujua alichokuwa akikikanyaga. Ambokile alisimama nyuma ya watu wote, kitambaa kwapani, amevaa shati lake jeupe lililotapakaa tope la Lufilyo.

Ile picha tuliiacha. Mama mdogo aliigeuza uso ukutani, kisha akaona aibu, akaigeuza tena, akatundika kanga juu yake.

Njia ya kurudi

Tulipita Mbeya. Mwanzo nilitaka kumuuliza kama bado anaamini Yesu alifika Marekani, lakini alinitangulia. "Bado naamini, dada," alisema. "Ndiyo shida yenyewe. Ningekuwa nimeacha, ningekuwa na kitu cha kumlipa." Nami bado naamini kwamba aliketi, na imani yangu haikunisaidia zaidi ya yake.

Makambako, mchuuzi alipita dirishani na vipuli vya masikioni vya simu. Ambokile akanunua. Akaniomba simu yangu, akautafuta ule ujumbe wa sauti wa mama mdogo, ule wa mwanzo wa yote. Nilimwambia asijitese. Akavivaa, akafumba macho.

Niliona uso wake ukibadilika, nikadhani anaumwa. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akatoa kipuli kimoja akanipa.

Jikoni kwangu tuliusikiliza kwa spika ya simu, na mvua ilipomeza lile neno sisi tulianza kulia na kukumbatiana, hatukungoja. Sasa mvua ilikuwa mbali, na sauti ya baba ilikuwa karibu, ndani ya sikio, nzito na yenye kukwaruza. "Ambokile aje. Aje na merikani yake, anifunike." Halafu kikohozi kirefu, na mama mdogo anasema, "Yule? Una hakika?" Halafu baba, amekasirika kidogo, kama alivyokasirika kila mara tulipomrudisha nyuma: "Nimesema anifunike yeye. Ni mwanangu."

Ambokile alikuwa ametazama nje. Kitambaa kilikuwa mapajani mwake, pale ilipokuwa ile picha wakati wa kwenda.

"Neno lake tulikuwa nalo tangu Morogoro," alisema.